Binti yetu na kiti chake cha magazeti

Na MWANDISHI WETU

KILA Jumapili, mwendo wa saa tatu asubuhi, wakazi wa Skuta viungani mwa mji wa Nyeri huona msafara ambao sasa wameuzoea. Mbele hutangulia mama mzee mwenye mkongojo, Biblia kwapani. Nyuma yake mwanamke aliyebeba mkoba wa nepi, chupa ya maji na bakuli lenye kifuniko. Halafu mwanamume aliyembeba mgongoni msichana ambaye miguu yake yamgonga babake magotini kila hatua. Na nyuma kabisa, wavulana wawili wa jirani wakibishana ni zamu ya nani kubeba kiti.

Mwanamume huyo ni mimi. Msichana ni binti yangu, kifungua mimba wetu. Na kiti wanachokigombania wavulana hao kimetengenezwa kwa magazeti makuukuu.

Nimesita miaka mingi kuyaandika haya. Chuoni tulifundishwa kuwa mwandishi hujificha nyuma ya habari yake, na mimi nilijificha vyema. Lakini nimechoka kuona kwamba kila gazeti linapoandika kuhusu mtoto mwenye ulemavu, basi ni kilio, picha ya mama aliyeinamisha kichwa, na ombi la msaada. Kilio kipo, sikatai. Hata hivyo, nyumbani kwetu kuna kicheko pia, tena kingi, na hicho hakuna aliyewahi kunituma kukiandikia habari.

Binti yetu alizaliwa Julai 2016, katika ile baridi ya Nyeri ambapo ukungu hushuka kutoka Nyandarua na jua hulisahau eneo hili kwa juma zima. Uchungu ulichukua muda mrefu kupita kiasi. Mtoto alipotoka, hakulia. Tulirudi naye nyumbani baada ya siku kumi na moja, na kwa miezi kadhaa tulijidanganya kuwa ni mvivu tu wa kukaza shingo.

Alipofikisha miezi minane, daktari alituambia jina la hali ile: mtindio wa ubongo. Alitueleza kwamba hutokana na kudhurika kwa ubongo ungali unakua, ama mtoto akiwa tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama muda mfupi baadaye. Kukosa hewa ni sababu mojawapo. Nyingine ni manjano kali ya mtoto mchanga isiyotibiwa mapema, na homa ya uti wa mgongo. Hali hii haiambukizi. Jeraha la ubongo haliongezeki, lakini pia haliponi, na kazi ya mzazi ni kumsaidia mtoto atumie alicho nacho. Wala si jambo geni. Utafiti uliofanywa mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka wa 2017 ulikuta watoto wapatao 3 katika kila 1,000 wakiwa na mtindio wa ubongo.

Niliyasikia hayo yote. Nikatoka nje, nikaketi kwenye benchi, nikaanza kuhesabu dhambi zangu.

Msomaji anielewe. Mimi nililelewa katika shule ya Jumapili. Nilikuwa nikiijua sura ya tisa ya Injili ya Yohana, pale wanafunzi wanapomwona mtu aliyezaliwa kipofu na kumwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Nilijua kuwa Yesu aliwajibu si yeye wala si wazazi. Nilikuwa hata nimewahi kupewa zawadi ya kalamu kwa kuisimulia sura hiyo vizuri. Lakini kuisimulia sura ukiwa na miaka kumi ni jambo moja, na kuikumbuka ukiwa umempakata mtoto ambaye hawezi kuinua kichwa ni jambo jingine kabisa.

Jina

Kwa desturi ya Wagikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba. Kwa hivyo binti yangu ni wajina wa mama yangu, nami humwita "Mama" bila mzaha. Habari za ugonjwa zilipoenea, baadhi ya jamaa walianza kunong'ona. Walisema tumwite kwa jina lake la ubatizo tu, na lile la ukoo tulihifadhi hadi atakapopatikana msichana mwingine. Walidai kwamba jina la mzee halistahili kufedheheshwa.

Sijui nani alimfikishia mama yangu maneno hayo kule kijijini Tetu. Nijuacho ni kwamba alifika kwa matatu ya asubuhi na mkungu wa ndizi, akamchukua mtoto, akamtazama kitambo, kisha akatuambia sote tuliokuwa pale, "Huyu ni mimi. Mwenye neno juu yake aniambie mimi." Hakuna aliyekuwa na neno.

Hata hivyo, jina halimzuii mtu kuona haya. Wakati huo kanisani tulikuwa tumeombwa, kwa upole mwingi, tuwe tukiketi karibu na mlango ili mtoto akipiga kelele tutoke upesi. Upole wa namna hiyo huumiza kuliko tusi. Mke wangu alivumilia. Mimi nilianza kubaki uani nikijifanya naongea kwa simu.

Mwaka wa 2019 ukaja mkutano wa injili katika uwanja mmoja mjini. Mhubiri alikuwa mgeni, mwenye sauti nzito, na alipomwona binti yetu alitangaza mbele ya umati kwamba atatembea kabla ya mwezi kwisha. Sharti lilikuwa moja tu: tuonyeshe imani kwa kuacha dawa. Binti yetu alikuwa akinywa dawa ya kuzuia kifafa, maana watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hupata kifafa pia. Tuliifungia chupa kabatini. Mama yangu hakuwepo. Angekuwepo, nadhani mambo yangekuwa mengine.

Usiku wa tatu mtoto alishikwa, na hakuachiliwa. Jirani alituchukua kwa gari lake akiwa bado amevaa kandambili. Ilichukua karibu saa nzima kabla ya madaktari kuutuliza mwili ule. Tuliposema tulichofanya, daktari wa zamu hakutukemea. Alitueleza tu kwamba dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na kwamba hupunguzwa polepole, na kwa idhini ya daktari pekee.

Kabla ya usiku ule binti yetu alikuwa ameanza kutamka "ma". Ilipita zaidi ya miezi kumi na minne kabla hatujaisikia tena silabi hiyo. Sijawahi kumwona mhubiri yule tangu siku hiyo, wala sikumtafuta. Nilichofanya ni kuacha kwenda kanisani, hata uani.

Ibada ya sebuleni

Kisha ukaja mwaka wa 2020 na korona. Makanisa yalifungwa mwezi Machi. Yalipofunguliwa Julai, wengi watakumbuka masharti: waumini wasizidi mia moja, ibada isizidi saa moja, na watoto wa chini ya miaka 13 pamoja na wazee wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Mama yangu, ambaye alikuwa amehamia kwetu, alikuwa amepita umri huo zamani. Kwa mara ya kwanza, mzee wa heshima na mjukuu mwenye ulemavu walikuwa wamezuiliwa mlango mmoja.

Mama hakulalamika. Jumapili ile alivaa nguo zake za ibada, kitambaa kichwani, viatu vyeusi, akaingia sebuleni kama aingiaye kanisani. Akamlaza wajina wake kwenye kochi, akafungua kitabu cha nyimbo za Kigikuyu, akaanza. Mimi nilikuwa jikoni na kikombe cha chai. Sikuwa na pa kwenda.

Mama haimbi vizuri. Katika ubeti wa pili huwa anaipanda sauti asiyoweza kuifikia, na hapo hukatika kama kuku aliyekanyagwa. Ilipokatika, nikasikia kicheko. Si ule mguno tuliokuwa tumeuzoea. Kicheko cha tumboni, cha mtu aliyeona kichekesho akakielewa. Mama akaimba tena palepale, sauti ikakatika palepale, na mtoto akacheka hadi akakosa pumzi. Nilipochungulia nilimwona mama yangu, mwanamke ambaye utotoni mwangu alinifinya kwa kucheka kanisani, akiukatiza wimbo wa Bwana makusudi ili mjukuu acheke.

Kisha akaomba. Alishukuru kwa mvua, kwa mbuzi aliyezaa salama, na kwa kuwa wajina wake alikula yai zima jana bila kupaliwa. Akasema amina, na kutoka kwenye kochi ikaja sauti ndefu: "Aaaa!"

Majuma yalipita nami nikiisikiliza ibada ile kutoka jikoni, hatimaye kutoka kizingitini, na mwishowe nikiwa nimeketi. Jambo moja lilinitatiza. Mama hakuwahi kuomba mtoto atembee. Nilimwuliza sababu. Akanijibu kwamba hilo Mungu analijua bila kukumbushwa. Yeye alikuwa akiomba mtoto asikose pa kuketi. Ndipo akanisimulia habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliyeangushwa na yaya wake akiwa na miaka mitano wakati wa kukimbia vita, akalemaa miguu yote miwili. Mfalme Daudi alimtafuta, akamweka mezani pake ale pamoja na wana wa mfalme. Niliisoma sura ile, ya tisa katika Samweli wa Pili, na kugundua jambo ambalo sikuwahi kuliona: Mefiboshethi haponi. Sura inakwisha miguu yake ikiwa vilevile, naye yuko mezani.

Juma lililofuata nilikwenda na mke wangu kumwona mtaalamu wa mazoezi hospitalini kuuliza juu ya kiti.

Unga na kartoni

Viti vya magurudumu vinavyomfaa mtoto wa namna hii, ambaye mgongo wake hauna nguvu, hugharimu maelfu mengi ya shilingi. Mtaalamu yule alituonyesha njia nyingine. Ni ufundi wa karatasi ulioendelezwa nchini Zimbabwe na mwalimu Bevill Packer, na umesambaa katika nchi nyingi za Afrika. Unachukua kartoni na magazeti, unapika uji mzito wa unga wa ngano uwe gundi, unabandika tabaka juu ya tabaka, unagandamiza kwa mawe, kisha unakausha kabisa. Kikikauka kinakuwa kigumu kama ubao, na ukikipaka vanishi hakilowi upesi.

Neno "kukausha" ni jepesi kwa mtu wa Mombasa. Sisi tulianza kazi Agosti, Nyeri. Kiti kilichukua karibu mwezi, tukikigeuza kando ya jiko kama mkate. Siku moja jua lilipochomoza tulikianika nje, na mbuzi wa jirani akala sehemu ya kuegemeza mkono, unga na karatasi pamoja. Tulianza upya upande ule.

Magazeti yalikuwa mengi nyumbani, na msomaji atakisia yalikotoka. Kwenye kiegemeo, kabla ya kupaka rangi, ungeweza kusoma nusu ya makala niliyoyaandika juu ya bei ya kahawa. Mke wangu asema ndiyo makala yangu ya kwanza yaliyomsaidia mtu.

Kiti chenyewe kina mgongo ulionyooka, mbawa mbili za kuzuia mwili usiangukie kando, kigingi kati ya mapaja ili miguu isipishane, pa kukanyagia, na meza ndogo mbele. Siku tuliyomkalisha aliitazama sebule kana kwamba ameingia nyumba ya watu. Alikuwa na miaka minne, na alikuwa ameiona dunia akiwa chali au begani mwa mtu. Aligeuza macho taratibu kutoka dirishani hadi mlangoni, akaiona saa ya ukutani, akaikazia macho muda mrefu. Hadi leo anaipenda saa ile.

Kula kukabadilika pia. Awali tulimlisha akiwa amelala mapajani, jambo ambalo ni hatari kwa sababu chakula huweza kuingia mapafuni. Mtoto wa namna hii anafaa kulishwa akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, kwa kijiko kidogo na kwa subira. Mama yangu humpondea mukimo wa viazi na majani ya maboga bila mahindi, laini kama uji. Mlo huchukua dakika arobaini. Zamani niliziona kama adhabu. Siku hizi ndizo dakika ninazopata habari zote za nyumbani, kwa maana hakuna awezaye kwenda popote.

Na kuna mambo madogomadogo. Anaichukia kabichi waziwazi, hufunga mdomo kama mlango wa benki. Anautambua mlio wa lango letu nikilifungua mimi, na huwa ameshaanza kupiga kelele kabla sijavua viatu. Timu yangu ikifungwa bao nikapiga ukelele, yeye hucheka. Ikifunga, hucheka vilevile. "Ma" ilirudi mwishoni mwa 2020. Yuamwita nani kati ya mke wangu na mama yangu, hilo bado ni jambo la ubishi.

Nisije nikaeleweka vibaya. Kuna usiku ambao hatulali. Mke wangu aliacha kazi ya duka. Tunawajua akina baba kadhaa waliotoroka walipoambiwa hali ya mtoto, nami siwezi kuwahukumu kwa sauti kubwa, kwa maana nilitoroka pia, ingawa sikufika mbali kuliko uani. Na wale wanaotuambia kwamba Mungu huwapa watoto maalumu wazazi maalumu, nawaomba wapunguze. Mimi si maalumu. Afadhali waje wamshike mtoto nusu saa tulale.

Tena kuna suala la maneno. Kiswahili chetu, kwa ufasaha wake wote, kimewaweka watu hawa pamoja na viti na vikombe: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Najua kijana na kiongozi wamo katika ngeli hiyohiyo, na wataalamu wa lugha watanikosoa. Lakini hakuna aliyewahi kumwita binti yangu kiongozi. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Wavulana wanaobeba kiti humwita kwa jina lake. Nao hawajasoma Katiba.

Marufuku ya korona ilipolegezwa, tulirudi kanisani mwaka wa 2021, na kiti. Hatukuketi mlangoni. Mama yangu alitangulia hadi mbele, akaonyesha kwa mkongojo wake mahali kando ya safu za watoto wa shule ya Jumapili, na wavulana wakakiweka pale. Katikati ya maombi ya kimya ikatoka sauti: "Aaaa!" Mzee mmoja aligeuka na kukunja uso. Mchungaji alingoja kidogo, akaitikia "Amina", akaendelea. Mzee yule angali hukunja uso, lakini nimegundua huwakunjia wote.

Jumapili ile ile mama mmoja alimfuata mke wangu nje. Alizungumza kwa sauti ya chini, akiutazama ukuta. Alikuwa na mvulana wa miaka minane nyumbani ambaye hakuwahi kutolewa nje siku ya ibada. Aliuliza kama kiti kile kilinunuliwa wapi.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban 900,000 wenye ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya walio na umri wa miaka mitano na kuendelea. Huku kwetu Mlima Kenya, Embu ilikuwa na asilimia 4.4, ya juu kuliko kaunti zote. Nikisoma takwimu hizo hujiuliza yule mvulana alihesabiwa na nani.

Msaada upo, japo hautangazwi sana. Vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza shule zinazowafaa vilianzishwa na serikali mwaka wa 1984, na hapa Nyeri kipo. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililotokana na sheria ya 2003, huwasajili watoto pia. Sheria mpya ilichukua nafasi ya ile ya zamani mwaka wa 2025. Familia maskini zenye mtoto mwenye ulemavu mkubwa zaweza kuomba Inua Jamii, ambayo ni Sh2,000 kwa mwezi, pesa zisizotosha nepi lakini si haba. Kwa watoto wanaohitaji kupasuliwa miguu au mifupa, hospitali ya CURE kule Kijabe imekuwa ikiwahudumia tangu 1998. Na Nyahururu kuna shirika la Kikatoliki la St Martin, ambalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 limewatumia majirani wa kujitolea kuzitembelea nyumba zenye watoto kama hawa, badala ya kuwakusanya watoto mahali pamoja na kuwafungia.

Kiti kinachobebwa sasa ni cha tatu, maana mtoto hukua. Cha kwanza anakikalia msichana mdogo wa Kamakwa, na cha pili kiko Ruring'u. Mvulana yule wa ukutani alipata chake, kikamfaa miaka mitatu, na sasa miguu imekuwa mirefu. Alhamisi iliyopita mamake alikuja na kamba yenye mafundo mawili, moja la urefu wa mgongo na jingine la urefu wa paja. Tuliitundika kamba hiyo msumarini jikoni, chini yake tukaanza kurundika kartoni. Mama yangu ametazama mawingu, akasema tungoje Januari.